Malezi Katika Zama za Maradhi: Yaliyozipata Nyumba za Meru na Embu

Wengi wetu tuishio Pwani huzijua Meru na Embu kwa kifurushi. Miraa hushuka kutoka milima ya Nyambene ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke njiani. Muguka hutoka Mbeere, sehemu ya chini na kavu ya Embu, majani matupu yasiyo na vijiti, yenye bei nafuu ambayo hata kijana asiye na kazi huweza kuimudu. Vyote viwili hufika Mombasa, Kilifi na Malindi kwa magari ambayo kila mtu hupisha njia ayaonapo. Tumezungumza mara nyingi katika kurasa hizi juu ya yanayotokea kifurushi kikishafunguliwa: usingizi uliopotea, mshahara ulioliwa kabla ya kufika nyumbani, mume asiyejua mwanawe yu darasa la ngapi. Jarida hili halitetei utafunaji, na halitautetea leo.

Lakini kifurushi kina ncha mbili. Upande wa pili kuna nyumba, na ndani ya nyumba mna mama, watoto na karo ya shule. Ulipoingia ugonjwa wa Korona mwaka 2020, nyumba hizo zilipatwa na mambo ambayo sisi wa Pwani, tuliokuwa na taabu zetu wenyewe, hatukupata nafasi ya kuyatazama. Tumeona ni vyema kuyatazama sasa, kwa sababu tangu mwaka 2024 Pwani na Embu zimekuwa zikivutana mahakamani juu ya muguka, na katika mvutano huo watoto wa pande zote mbili hutajwa sana lakini huangaliwa kidogo.

Kaunti ya Meru, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ina wakazi 1,545,714. Embu ina 608,599. Si sehemu moja wala si maisha ya namna moja. Juu, karibu na Mlima Kenya, kuna baridi, mvua na mashamba ya chai. Huko Embu kuna viwanda vya chai kama Mungania, Kathangariri na Rukuriri, na upande wa Meru viko Imenti, Githongo na Kinoro. Chini kidogo kuna kahawa na migomba. Ukishuka zaidi kuelekea Mbeere, Siakago, Kiritiri na Ishiara, ardhi huwa kavu, na mkulima hutegemea pojo, kunde, mtama, maembe na muguka. Na ukipanda Nyambene, kuelekea Maua, Laare na Mutuati, huko ndiko kwenye mibaine, yaani ile mikongwe ya miraa ambayo mzee huirithi kwa babu yake na kumwachia mjukuu.

Tofauti hii ya ardhi ndiyo iliyoamua ni nyumba gani itayumba na ni ipi itasimama. Mwenye chai aliendelea kupeleka majani yake kituoni, kwa kuwa viwanda havikufungwa. Mwenye miraa na muguka hakuwa na bahati hiyo.

Masaibu yalitangulia hata ugonjwa wenyewe. Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kwa makundi ambayo nchi haikuwa imeyaona kwa miaka 70, na mwezi wa Januari walifika sehemu za Meru na Mbeere. Wazazi walikuwa mashambani wakipiga madebe na kuwasha moto kuwafukuza, na watoto pamoja nao. Haikupita miezi mitatu, tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri.

Hapo miraa ikapata pigo ambalo halikutarajiwa. Soko lake kubwa la nje lilikuwa Somalia, hasa baada ya Uingereza kuipiga marufuku mwezi Juni 2014. Kila siku ndege zilikuwa zikiondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, zimebeba miraa kwenda Mogadishu. Mwezi Machi 2020 Somalia ilizuia safari za kimataifa, na miraa ikazuiwa nazo. Maradhi yalipopungua safari za watu zilirudi. Za miraa hazikurudi, kwa kuwa siasa baina ya nchi mbili hizo nazo zilikuwa zimeharibika. Soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Miaka miwili na zaidi. Ndani ya nchi nako, baadhi ya kaunti za Pwani na za Kaskazini zilitangaza kuzuia miraa na muguka zisiingie, kwa hoja kwamba wanaotafuna hukaa pamoja na kupokezana kutoka mkono hadi mkono. Kuanzia tarehe 8 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa watu wasiingie wala wasitoke, na baraza za jioni zikavunjika kwa amri ya saa moja.

Asiyewahi kuona miraa ikichumwa huenda asitambue uzito wa jambo hili. Mahindi yakikosa soko huwekwa ghalani. Ng'ombe akikosa mnunuzi hurudi zizini. Miraa isipotafunwa ndani ya siku mbili au tatu tangu kuchumwa huwa takataka. Kwa hiyo fedha yake ni fedha ya kila siku: anayepanda mtini kuchuma hulipwa leo, anayepanga vibunda hulipwa leo, anayefunga kwa majani ya mgomba hulipwa leo, na mwenye migomba aliyeuza majani hayo naye hulipwa leo. Kwa upande wa muguka, wachumaji wengi ni wanawake na vijana, hulipwa kwa kilo, na mama akitoka shambani hupitia dukani akanunua unga na mafuta ya taa kwa ujira wa siku hiyo hiyo. Nyumba ya namna hiyo haina akiba. Soko likifungwa Jumatatu, njaa hubisha hodi Jumatano.

Tumfikirie mchumaji mmoja wa Kiritiri, mwenye watoto wanne. Mwezi wa Februari watoto watatu walikuwa wakila chakula cha mchana shuleni. Yeye akipika mara moja tu, jioni. Mwezi wa Aprili wote wanne wako nyumbani mchana kutwa, na ujira umeanguka. Idadi ya vinywa haikuongezeka, lakini idadi ya milo imeongezeka. Jambo hili dogo, ambalo halikuandikwa sana magazetini, ndilo lililozichosha nyumba nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Wizara zilihesabu wagonjwa. Mama alihesabu vibaba.

Kisha yakaja masomo ya redioni. Wanafunzi takriban milioni 17 nchini kote walikuwa nje ya madarasa, na Taasisi ya Kukuza Mitaala ikaanza kurusha vipindi kupitia redio ya KBC na televisheni. Nia ilikuwa njema. Lakini hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaya zenye televisheni hazikuzidi sana nne katika kila kumi, na zenye redio zilizidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Katika nyumba yenye redio moja yenye betri mbili, mtoto wa darasa la nne, wa darasa la saba na wa kidato cha pili watasikiliza kipindi cha nani? Aghalabu jibu lilikuwa kwamba baba anasikiliza habari. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umehesabiwa kuwa umepotea, na watoto watarudia madarasa yao. Wako wazazi waliopumua kwa kuwa hakuna mtoto atakayeachwa nyuma; wako waliolia kwa kuwa karo ya muhula wa kwanza ilikuwa imeshalipwa kwa mkopo.

Nini humtokea kijana wa miaka kumi na mitatu ambaye hana shule, na nyumbani kuna upungufu? Mti wa miraa hupenda mchumaji mwepesi. Matawi yake ya juu, yenye majani mororo ya bei, hayamstahimili mtu mzima. Ndiyo maana hata kabla ya maradhi, shule za Igembe zilikuwa zikilalamika juu ya wavulana wanaokimbilia mashambani. Shule zilipofungwa, kizuizi cha mwisho kikaondoka. Ingawa bei ilikuwa imeshuka, kwa mtoto noti ya shilingi 100 ni noti ya shilingi 100. Kijana akishaonja kuleta nyumbani unga alioununua kwa jasho lake, na mamake akamshukuru mbele ya wadogo zake, kumrudisha kwenye dawati na kumwambia aombe ruhusa ya kwenda chooni si kazi nyepesi. Tarehe 12 Oktoba 2020 yalifunguliwa madarasa matatu tu, la nne, la nane na kidato cha nne. Wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Shule zilipofunguliwa, machifu waliagizwa kuzunguka vijijini kuwatafuta wasiorudi. Tunasema haya bila ya kuwalaumu wazazi. Mzazi aliyemruhusu mwanawe kupanda mti hakuwa mzazi mbaya. Alikuwa na sufuria tupu.

Kwa wasichana mambo yalikuwa mazito zaidi, na hapa twawaomba akina mama wasisome kwa haraka. Watafiti waliowafuatilia wasichana wa shule za sekondari huko Siaya, magharibi mwa Kenya, walichapisha mwaka 2022 matokeo yaliyoonyesha kwamba waliopitia kipindi kile cha kufungwa walikuwa katika hatari mara mbili ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo kabisa, wakilinganishwa na wenzao waliowatangulia. Siaya si Embu, na hatuwezi kuchukua hesabu ya huko tukaibandika huku. Lakini sababu zilizotajwa ni zile zile zinazojulikana katika vijiji vya Mbeere na Tharaka: siku ndefu zisizo na mwangalizi, upungufu wa vitu vya lazima kama sodo ambavyo baadhi ya wasichana walikuwa wakivipata shuleni, na mtu mzima mwenye shilingi mia mbili anayejua kwamba nyumba fulani ina njaa. Ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011 na ambao haujakwisha katika baadhi ya jamii za Meru na Embu, nao hupata nafasi shule inapofungwa, kwa kuwa mwalimu ndiye mara nyingi anayegundua msichana asipoonekana darasani. Mwezi Julai 2020 Rais aliagiza uchunguzi wa kitaifa juu ya ongezeko la ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Kwa hiyo si jambo la kunong'onezana vibarazani tu; nchi nzima ilikiri kwamba nyumba, ambayo tuliambiwa tukae ndani yake ili tusalimike, haikuwa salama kwa kila aliyekuwamo.

Walimu wa shule za binafsi nao walikuwa wazazi. Mshahara wao hutoka katika karo, na karo ilikatika siku ile ile. Huko Mwea, jirani kabisa na Embu, shule moja ya binafsi iligeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku na kiwanja chake kikapandwa mboga. Picha zake zilizunguka duniani, watu wakacheka. Sisi hatukuona la kuchekwa. Aliyefanya vile alitafuta riziki ya halali pahala alipoweza kuipata.

Sasa tuwatazame ndugu zetu katika dini. Waislamu wa Meru na Embu ni wachache. Wengi wao ni wa mijini, wafanyabiashara na wafanyakazi, wanaoishi karibu na msikiti kwa sababu ukienda mbali nao hutasikia adhana nyingine. Mtoto wa Mombasa akikosa chuo kwa mwezi mmoja, bado yumo katika maji ya dini: atasikia adhana kutoka misikiti mitatu kwa mpigo, ana bibi wa kumfunda, ana jirani atakayemuuliza kama ameswali. Mtoto wa Runyenjes au Nkubu ana madrasa na msikiti basi. Misikiti ilipofungwa mwezi Machi 2020, alifungiwa vyote kwa pamoja. Na ilipofunguliwa mwezi Julai, kwa masharti ya watu 100 na saa moja, wenye umri chini ya miaka 13 na juu ya 58 hawakuruhusiwa, na madrasa zikabaki zimefungwa. Maana yake ni kwamba wale wawili waliokuwa wakihitajiana mno, mtoto anayejifunza na mzee anayefunza, wote walibaki nje ya mlango.

Ustadhi wa madrasa hana mwajiri. Huishi kwa ada ndogo ya wazazi na kwa hisani. Wazazi waliokosa soko walikosa ada, na ustadhi, ambaye mara nyingi ni mgeni aliyetoka Pwani au Kaskazini, akabaki katika mji usio wake bila ya kipato wala njia ya kurudi kwao, kwa kuwa Pwani imefungwa. Juu yake ongeza wanafunzi wetu wa vyuo vikuu. Embu kuna Chuo Kikuu cha Embu. Meru kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na kile cha Methodisti. Watoto wa Pwani walioko huko waliamriwa kuondoka ifikapo tarehe 20 Machi. Waliowahi, waliwahi. Waliochelewa kwa kukosa nauli walijikuta tarehe 8 Aprili Mombasa iko upande wa pili wa kizuizi.

Ramadhani ya mwaka 1441 iliingia mwishoni mwa Aprili, katikati ya hayo yote. Hapakuwa na futari ya msikitini, ambayo kwa Mwislamu masikini wa mji wa bara ndiyo shibe ya mwezi. Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zilifungwa tarehe 6 Mei, na kwa kuwa wafanyabiashara wengi wa Kiislamu wa Meru na Embu huchukua bidhaa zao Eastleigh, maduka yao yalikuwa matupu wakati wa Idi, msimu ambao humwezesha mwenye duka la nguo kulipa madeni ya mwaka. Idi iliswaliwa majumbani tarehe 24 Mei.

Hata hivyo, humo humo majumbani lilizaliwa jambo ambalo hatungependa lisahaulike. Baba ambaye kwa miaka alikuwa akiswali tarawehe msikitini na kurudi watoto wamelala, alilazimika kuwa imamu wa nyumba yake. Ilimbidi azihakikishe sura fupi alizozihifadhi utotoni. Mkewe na binti zake wakasimama nyuma yake katika chumba kile kile, na vijana wa miaka kumi wakaambiwa wakimu swala. Palikuwa na akina mama waliokuwa wakimsikia mume akisoma Qur'ani kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Kama iko nyumba iliyoudumisha utaratibu huo baada ya misikiti kufunguliwa, twasema hongera, na twaamini zipo.

Maradhi ya kuambukiza si jambo geni katika tarikhi yetu. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639 ya Miladi, tauni ya Amwasi iliikumba nchi ya Sham. Saidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa safarini kuelekea huko, akarudi njiani baada ya kushauriana na masahaba, na Abdurrahman bin Auf akampa habari ya mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni wala asiikimbie aliyomo. Hilo hukumbukwa na khatibu kila yanapozuka maradhi. Linalokumbukwa kwa uchache ni kwamba tauni ile iliwachukua Abu Ubaida bin Jarrah na Muadh bin Jabal, na kwamba Muadh alizika wanawe kabla ya kufa yeye. Hao walikuwa mashujaa wa umma, na walikuwa pia akina baba. Hapa petu, mafua makubwa ya mwaka 1918 yaliingia kwa meli katika bandari ya Mombasa mwezi Septemba na kupanda bara. Mara hiyo nayo, kilichoshuka Pwani kilifika mlimani.

Hofu ya mama ni ya namna yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa maradhi, wasiwasi na huzuni kubwa viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba walioathirika zaidi ni wanawake na vijana. Katika lugha yetu hatuna mazoea ya kusema mtu ana huzuni kubwa. Twasema ana mawazo. Mama mwenye mawazo huinuka, akapika, akafua, akampiga mtoto kwa kosa ambalo jana alilicheka, kisha akajificha jikoni akalia. Kwa kawaida angekuwa na pa kuyapeleka: chama cha Jumamosi, kisimani, msibani, darsa la wanawake. Mikusanyiko yote hiyo ilizuiwa. Hata mazishi yalipunguzwa yakawa ya jamaa wa karibu wasiozidi 15, na janaza ya aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa ilisimamiwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, familia ikitazama kwa mbali. Mwanamke aliyefiwa na mamake katika siku hizo hakukumbatiwa na mtu. Wako walioibeba huzuni hiyo hadi leo kwa sababu haikupewa siku zake.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo na kilitoka kwa watu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka 2020, kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bila ya ada. Ni jambo la kiufundi, lakini kwa nyumba hizi lilikuwa na maana kubwa: dada aliyeko Nairobi aliweza kutuma 200 leo na 300 keshokutwa bila ya ada kumla. Wenye migomba huko Meru waliwagawia majirani wasio na migomba. Wanawake wa vyama vya kuzungushiana fedha, wasioweza kukutana, waliendelea kuzungushiana kwa simu, na baadhi yao wakabadilisha utaratibu: zamu ikamwendea mwenye dhiki zaidi, siyo mwenye namba. Amri ya kutotoka nje ilikuja kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, katika uwanja wa Wang'uru huko Kirinyaga, mwendo mfupi kutoka Embu. Waliokuwapo walishangilia kama mpira.

Tukija kwenye mvutano wa sasa. Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Viongozi wa Embu wakalalamika, Rais William Ruto akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Akina mama wa Pwani walioandamana kuunga mkono marufuku waliona kwamba watoto wao wamepuuzwa kwa ajili ya watoto wa wengine. Twaelewa uchungu wao, na kwetu sisi hoja yao ni nzito: mtoto wa Likoni hana wajibu wa kuharibika ili mtoto wa Siakago asome.

Ila mwaka 2020 umeshatuonyesha inakuwaje soko likifungwa kwa ghafula bila ya kitu badala yake. Utafunaji haukwisha Pwani. Bei ilipanda na magari yakatafuta njia za panya. Na huko juu, aliyelipa gharama hakuwa tajiri mwenye magari bali mchumaji, mkewe na wanawe. Mwembe uliopandikizwa huhitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa cha kuuza, na mkadamia, ambao hustawi Embu na Meru, huhitaji zaidi. Mama wa Kiritiri anayeambiwa ang'oe muguka leo apande maembe atataka kujua atamlisha nani kwa nini katika miaka hiyo. Swali hilo halijajibiwa na kaunti yake, wala na serikali kuu, wala na sisi tunaotaka muguka usije. Wabunge wa pande mbili wameshakutana mara nyingi mbele ya kamera. Lau wangekutana mara moja juu ya bei ya pojo na maembe ya Mbeere katika soko la Kongowea, ambako maembe hayo yangenunuliwa na mama zetu wenyewe, tungekuwa na la kuandika.

Kwa sasa tuna haya. Namba 116 ni ya kumsaidia mtoto aliye hatarini, na 1195 ni ya mwanamke au msichana anayefanyiwa ukatili; zote mbili hupigwa bila ya malipo kutoka pahala popote nchini, Maua hata Malindi. Mzazi mwenye mtoto anayesoma chuo kikuu Embu au Meru amuulize msikiti ulio karibu naye ni upi na ustadhi wake ni nani, kisha ampigie ustadhi huyo simu amjue kwa jina. Na wale walio na vitabu vya madrasa ambavyo watoto wameshavipita, juzuu Amma, Iqra na vya fiqhi ya watoto, wasiviache vikaliwa na mchwa. Madrasa za miji ya bara huvihitaji, na mabasi ya Mombasa kwenda Meru hupokea vifurushi kila jioni.